CHUO KILICHOFYATUA MATOFALI YAKE CHENYEWE

Ndugu mkulima, somo letu la mwezi huu si la mbegu wala la ng'ombe. Ni somo juu ya majengo. Katika skimu zetu mwaka haupiti bila barua kufika nyumbani: shule yataka darasa jipya, chuo cha ufundi chataka karakana, na mzazi aombwa achange. Fedha hizo hutoka katika maziwa na mahindi, nazo zikiisha kutoka hazirudi. Basi yafaa mtu anayechanga ajue nyumba za chuo ni za kazi gani, na kazi hiyo yamrudishia nini yeye mwenye shamba.

Nimechagua chuo kimoja cha mbali, cha Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kusini ya Marekani. Sikukichagua kwa ukubwa wake. Nimekichagua kwa kuwa kilianza katika shamba lililokwisha kuchakaa, katikati ya wakulima wenye madeni, na kwa kuwa mawazo yake yalifika mpaka Kabete, kama tutakavyoona.

Mwaka 1881 baraza la jimbo la Alabama lilikubali kutoa dola 2,000 kila mwaka ili kiwepo chuo cha kufundisha walimu weusi katika mji mdogo wa Tuskegee. Angalia sana jambo hili: fedha hizo zilikuwa za mishahara ya walimu tu. Haikutolewa hata senti moja ya kiwanja, wala ya nyumba, wala ya vyombo vya kufundishia. Mkuu wa chuo, Booker T. Washington, alikuwa kijana wa miaka 25, aliyezaliwa mtumwa na kusomeshwa katika chuo cha Hampton, jimbo la Virginia. Alipofika alitazamia kukuta nyumba tayari, asikute kitu. Akaanza kufundisha tarehe 4 Julai, na wanafunzi 30, katika kibanda kibovu karibu na kanisa la watu weusi. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja aliacha kitabu chake akasimama kumshikia mwalimu mwavuli.

Haukupita muda mrefu likapatikana shamba la eka 100, la bwana mmoja wa zamani wa watumwa, kwa bei ya dola 500. Nyumba kubwa ya bwana ilikuwa imeungua. Zilizobaki ni kibanda kilichokuwa chumba cha kulia chakula, jiko la zamani, zizi la farasi na banda la kuku. Zizi likafanywa darasa, na wanafunzi walipozidi, banda la kuku likasafishwa, nalo likawa darasa. Fedha za kuanzia zilikopwa kwa mtunza hazina wa Hampton, aliyetoa mfukoni mwake mwenyewe, na nyingine zikatafutwa kwa michango na karamu za kuuza chakula. Mwalimu Olivia Davidson ndiye aliyehangaika mno na kazi hiyo, akibisha hodi nyumba kwa nyumba, kwa Wazungu na kwa weusi. Bibi mmoja mzee, umri wake yapata miaka 70, alikuja akijikokota na mkongojo, amevaa matambara lakini safi, akatoa mayai sita. Hakuwa na kingine. Washington alipokea michango mingi mikubwa baadaye, ya matajiri wa kaskazini, lakini katika kitabu cha maisha yake aliandika kwamba hakuna zawadi iliyomgusa kama mayai yale.

Kazi ya kwanza ya chuo ilikuwa kufyeka. Wanafunzi hawakupenda. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa walimu wa shule ndogo za mashambani, nao waliona aibu kushika shoka baada ya kushika chaki. Mkuu wa chuo akachukua shoka lake, akatangulia porini. Walipoona yeye haoni haya, wakamfuata, na baada ya wiki kadhaa eka kama 20 zikawa tayari kupandwa.

Sasa tuje kwenye matofali, maana hapa ndipo penye somo lenyewe.

Jengo kubwa la kwanza, Porter Hall, lilikuwa la mbao. Mzungu mmoja mwenye kiwanda cha kupasua mbao aliwaletea mbao kwa neno tu, pasipo dhamana. Lakini chuo kilitaka nyumba za kudumu, na mjini hapakuwa na mtu aliyechoma matofali. Basi wanafunzi wakachimba udongo wao wenyewe. Ilikuwa kazi chafu. Walisimama katika tope mpaka magotini kwa saa nyingi, na wengine walikasirika wakaondoka chuoni kabisa. Hata hivyo wakafyatua matofali kama 25,000, wakayapanga katika tanuru, wakatia moto. Tanuru likaharibika, kwa sababu halikujengwa sawasawa wala halikuchomwa sawasawa. Wakajenga la pili, nalo likaharibika. La tatu walijenga kwa uangalifu zaidi, wakisaidiwa na walimu waliosomea kazi hiyo Hampton. Likaenda vizuri karibu juma zima. Zilipobaki saa chache tu matofali yaive, usiku wa manane, tanuru likaanguka.

Wewe uliyewahi kupoteza mahindi wiki moja kabla ya kuvuna waelewa hali ya watu wale. Fedha zilikuwa zimekwisha, na walimu wengi walimshauri Washington aache. Yeye akachukua saa yake ya mfukoni, akaenda nayo mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15. Kwa fedha hizo wakajenga tanuru la nne, nalo likafaulu. Saa hakuikomboa kamwe, maana muda wa rehani ulipita.

Yapata mwaka 1900 wanafunzi walikuwa wakifyatua matofali 1,200,000 kwa msimu mmoja, yaliyofaa kuuzwa sokoni popote. Chuo kilikuwa na majengo 40, na manne tu kati ya hayo ndiyo yasiyojengwa karibu yote kwa mikono ya wanafunzi. Tena jambo jingine likatokea ambalo pengine halikutazamiwa. Wazungu wa mji ule, ambao wengine wao walikuwa wakinung'unika kwamba mtu mweusi akisomeshwa hatafanya kazi tena, walianza kuja kununua matofali, kwa kuwa yalikuwa mazuri na hayakupatikana kwingine. Baadaye wakaja kununua na magari ya kukokotwa ambayo wanafunzi walikuwa wakiyaunda.

Huenda ukauliza, na ni haki yako kuuliza: kama mtoto ashinda topeni, atasoma saa ngapi? Wazazi wa Alabama waliuliza hivyo hivyo. Wengine walileta barua, na wengine walikuja wenyewe, kusema kwamba hawakumpeleka mtoto shuleni akafanye kazi, na kwamba wataka asome vitabu vikubwa vingi. Washington hakuacha mpango wake. Wanafunzi wote walifanya kazi ya mikono sehemu ya wakati wao, na sehemu nyingine wakasoma. Kwa wale wasioweza kulipa chochote, mwaka 1884 akaanzisha shule ya jioni, ikiwa na wanafunzi 12. Hao walifanya kazi saa 10 mchana, wanaume katika matofali na mbao, wanawake katika dobi, kisha wakasoma saa mbili jioni. Mshahara wao haukuwekwa mkononi. Uliandikwa katika hesabu ya chuo, ili uwalipie masomo ya mchana baadaye. Kwa mtoto wa mkulima asiye na ng'ombe wa kuuza, mlango ulikuwa huo tu.

Mimi naona wazazi wale hawakukosa kabisa. Saa mbili jioni, baada ya saa 10 za tope, ni kidogo. Msomi mweusi mwenye sifa, W. E. B. Du Bois, aliandika mwaka 1903 kumpinga Washington juu ya jambo hilo, akisema kwamba watu weusi wanahitaji pia elimu ya juu, na haki ya kupiga kura, wala wasitosheke na ufundi peke yake. Mabishano hayo hayajaisha hata leo. Lakini jambo moja halikanushwi: aliyejifunza kuchoma matofali pale alijifunza kwa kujenga nyumba itakayolaliwa, si kwa kujenga ukuta wa mtihani unaobomolewa baadaye.

Tutembee sasa kidogo katika kiwanja cha chuo. Fundi mkuu wa ramani alikuwa Robert R. Taylor, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo kikubwa cha ufundi cha MIT huko Boston, mwaka 1892. Yeye alichora, wanafunzi wakajenga, na kule kuchora kwenyewe kukawa somo. Nyumba ya mkuu wa chuo, iitwayo The Oaks, ilijengwa mwaka 1899 kwa matofali ya wanafunzi, nayo yasimama hadi leo. Kanisa la chuo, lililomalizika mwaka 1898, lilitiwa taa za umeme ndani, kitu ambacho wilaya ile ilikuwa haijapata kukiona ndani ya nyumba. Watu walisafiri kuja kuona mwanga. Kanisa hilo liliungua mwaka 1957, na jipya likamalizika mwaka 1969. Jengo la maktaba lilipatikana kwa dola 20,000 za tajiri Andrew Carnegie. Hapa pia wanafunzi walijenga, na kwa sababu hiyo fedha zile zilifanya kazi kubwa kuliko ambavyo zingefanya kwa kontrakta. Washington alipofariki mwaka 1915 palikuwa na majengo zaidi ya 100 na wanafunzi kama 1,500. Mwaka 1945 shule ya udaktari wa mifugo ilifunguliwa, nayo ingali ikiendelea. Tangu mwaka 1985 chuo chaitwa Chuo Kikuu cha Tuskegee.

Haifai nikutembeze katika kiwanja kile nikakuficha hospitali. Chuo kilikuwa na hospitali nzuri, iliyofunguliwa mwaka 1913. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani ilifanya uchunguzi juu ya wanaume weusi kama 600 wa wilaya ile, wengi wao wakulima maskini. Karibu 400 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao, na hata dawa ya penisilini ilipopatikana hawakupewa. Hospitali ya chuo ilitumiwa katika kazi hiyo. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997, lakini wengi wa watu wale walikuwa wamekwisha kufa. Kwa hiyo mtu asiangalie ukuta tu akaridhika. Aulize pia ni nani anayefanya kazi ndani, na kwa faida ya nani.

Turudi kwa wakulima. Washington, alipozunguka vijijini kwa gari la nyumbu (mnyama yule anayezaliwa na punda na farasi), aliona pamba imepandwa mpaka mlangoni pa nyumba. Hapakuwa na mchicha wala kabichi. Unga na mafuta ya nguruwe vilikopwa dukani, kwa riba kubwa, na mavuno yakawekwa rehani kabla hayajapandwa. Katika nyumba moja alialikwa kula, akaona watu watano wana uma mmoja mezani, na kinanda cha dola 60 pembeni, kinachoendelea kulipiwa kila mwezi. Sisi tunaomaliza miaka mingi tukilipia mashamba na vyombo tusimcheke mwenye kinanda.

Basi mwaka 1892 akawaita wakulima waje chuoni siku moja. Alitazamia watu wachache, wakaja kama 400. Hakuwahutubia mambo ya mbinguni. Aliwataka waseme wenyewe: wangapi wana shamba lao, wangapi wamo katika deni, nyumba ina vyumba vingapi. Mkutano huo ukaendelea kila mwaka. Kuanzia mwaka 1904 chuo kikawa na masomo mafupi ya wakulima, wakati wa baridi, kazi za shamba zikiwa chache. Mtu alikuja na nguo zake za shamba, akasoma, akarudi kwake.

Mwalimu wa ukulima alikuwa George Washington Carver, aliyefika mwaka 1896. Alikuta hakuna maabara, akaokota chupa na makopo katika majalala, akatengeneza vyombo vyake. Alipewa kipande cha ardhi iliyochoka cha kufanyia majaribio. Hakutaka kutumia mbolea ya kununua peke yake, kwa sababu alijua mkulima aliye jirani hataiweza. Alichukua majani ya msituni na matope meusi ya bondeni, akayarudisha shambani, akapanda kunde, viazi vitamu na karanga kwa zamu na pamba. Kunde na karanga huirudishia ardhi chakula cha naitrojeni ambacho pamba hukila. Matokeo aliyaandika katika vijitabu vya maneno mepesi. Kile cha mwaka 1916 kilifundisha kilimo cha karanga pamoja na namna 105 za kuzipika. Kingine cha mwaka 1911 kilieleza jinsi ya kupaka nyumba rangi kwa udongo wa vilima vya wilaya ile ile, bila kununua debe la rangi. Napenda sana kijitabu hicho cha rangi, maana ufundi wa majengo wa chuo ulivuka ua ukafika katika ukuta wa mkulima.

Ila wakulima wengi hawakuweza kuja chuoni, wala hawakujua kusoma vijitabu. Ndipo, mwaka 1906, kikaundwa chombo ambacho kwangu mimi ni jengo bora kuliko yote ya Tuskegee, ingawa lilikuwa na magurudumu. Lilikuwa gari la kukokotwa na nyumbu, lililogharimiwa na Morris K. Jesup, mfadhili wa New York. Ndani mlikuwa na plau, mbegu, vyombo vya bustani, chombo cha kupima maziwa na cha kusukia siagi. Mwishoni mwa mwaka ule gari likakabidhiwa kwa Thomas Monroe Campbell, aliyehitimu pale pale, naye akawa Bwana Shamba mweusi wa kwanza wa serikali ya Marekani. Alisimamisha gari katika shamba la mtu, akawaita majirani, akalima nao papo hapo. Baadaye gari la nyumbu likabadilishwa kwa lori, na pamoja naye akaja muuguzi na mwalimu wa mambo ya nyumbani.

Sasa Kabete. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki kutazama elimu. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dk. James Aggrey wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume ilisifu mpango wa Hampton na Tuskegee, na mwaka 1925 Jeanes School ikafunguliwa Kabete, kufundisha walimu watakaozunguka katika shule za vijijini na kuwaonyesha watu kilimo, usafi na ufundi. Jina hilo ni la Anna T. Jeanes, bibi wa Philadelphia aliyeacha mali yake isaidie shule za weusi za mashambani. Majengo ya Kabete yamepita katika mikono mingi. Mwaka 1961 pakawa chuo cha kufundishia maofisa wa utawala, na leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya.

Lakini watu wetu hawakupokea mpango ule kwa mikono miwili. Huko Alabama tofali lilikuwa wazo la mtu mweusi mwenyewe, naye ndiye aliyeweka saa rehani. Huku jembe lililetwa shuleni na serikali ya kikoloni iliyokuwa imekwisha kuwagawia walowezi ardhi nzuri, na wazazi wakashuku kwamba mtoto anyimwa kitabu makusudi. Shuku hiyo ilikuwa na sababu. Mbiyu Koinange, aliyekwenda kusoma Hampton mwaka 1927 na kuendelea na vyuo vikuu, aliporudi alifungua Chuo cha Walimu cha Githunguri mwaka 1939, na wananchi, marika kwa marika, wakakichangia majengo. Hapo watu walitoa kwa moyo, kwa sababu chuo kilikuwa chao na mtoto alipewa kalamu. Serikali ikakifunga mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari.

Ikija barua nyingine ya mchango, usiitupe, wala usilipe kabla ya kwenda kuona. Mwulize mkuu wa chuo mambo machache. Karakana hiyo ikimalizika, ni nani atakayefundisha ndani, na mshahara wake watoka wapi? Je, wanafunzi wa uashi ndio watakaojenga, au kontrakta atajenga nao wakitazama dirishani? Chuo kina shamba? Hesabu ya shamba hilo yaweza kuonyeshwa wazazi? Je, kuna siku ambayo sisi wakulima twaweza kuja kujifunza, hata siku moja katika mwaka? Mkuu anayejua kazi yake hatakasirika.

Mwezi ujao tutasoma namna ya kupanga na kuchoma tanuru dogo, kwa vikundi vinavyotaka kujenga darasa la watoto au stoo ya mahindi. Kwa sasa anza na udongo wako. Toa udongo wa juu wenye mizizi, chimba chini yake, chukua konzi moja, utie maji kidogo na kuukanda. Uviringishe uwe kama kamba yenye unene wa kidole, kisha uukunje taratibu. Ukikatika mara moja, una mchanga mno. Ukinata mikononi kama gundi, utahitaji kuchanganywa na mchanga, maana tofali lake litapasuka likikauka. Fyatua matofali matatu au manne ya majaribio, uyaweke kivulini, si juani, uyageuze kila siku, na uandike siku uliyoyaweka.